Abiria wa Mstari wa Saba

Jumanne saa tisa alasiri Agapiti alikuwa sebuleni kwake Kalangalala, mjini Geita, akinywa chai ya rangi kwa kiazi cha kuchemsha, ndipo mama mkwe wake, aliyekuwa amemfuta asubuhi kwenye kompyuta, akatoka kwenye chumba cha kompyuta. Alikuwa amebeba kapu lake la michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa. Nguo zake zilinuka moshi. Alitembea polepole mpaka kwenye korido inayoelekea mlango wa nje, akavuta kigoda, akaketi katikati ya njia.

"Shikamoo mama," Agapiti alisema, macho chini.

"Marahaba baba. Hamjambo hapa?"

"Hatujambo."

Wakati huo mkewe, Hosiana, alikuwa jikoni akiongea kwa simu na mama yake huyohuyo, Bernadina, aliyekuwa kwake Didia akianika michembe mingine. Hosiana alichungulia, akamwona aliyeketi koridoni, akamalizia kwanza habari za mvua na mama wa kwenye simu, kisha akaleta maji ya kunywa.

Kisa chenyewe kilianza hivi. Kazi ya Agapiti ni kuunguza ndege. Huziunguza ndani ya kompyuta: huchora viti, njia ya kati na milango, huwaweka abiria, huwasha moto, halafu huhesabu nani katoka na nani kabaki na moshi. Kampuni moja iliyotaka kusafirisha watu kutoka Geita ilimpa ndege ya viti arobaini na nane. Sharti lilikuwa moja: hata kama mlango wa nyuma umezibwa na moto, wote wawe nje ndani ya sekunde tisini.

Siku hizo Agapiti hakuwa mtu wa kubahatisha. Hakutaka kuwapa abiria wake mwendo wa watu wa vitabuni. Akaenda Didia, ukweni kwake, akapanga mabenchi ya ukumbi wa parokia wawiliwawili, akapima njia ya kati kwa futi kamba, akachoma mabua mabichi ya pamba chini ya dirisha ili moshi uingie. Watu arobaini na nane wakaketi. Alipopuliza filimbi waliinuka kwa fujo kama ilivyotakiwa, mpaka mstari wa saba. Hapo Bernadina aliinuka taratibu, akatafuta kapu lake, akalipata, akaingia njiani. Nyuma yake alikuwa Edson, mume wa binti yake mdogo. Mwanamume hajipenyezi ubavuni mwa mama mkwe wake. Edson akasimama, akainamisha kichwa, akamwachia nafasi ya hatua tatu. Waliokuwa nyuma ya Edson nao wakasimama, maana nani angemsukuma kijana wa watu amwangukie mkwewe?

Sekunde mia moja ishirini na saba. Wakarudia mara tatu, na mara zote ikawa vilevile. Mara ya mwisho Agapiti alimkumbusha Edson kwamba huu ni moto.

"Moto nauona, mwanyumba," Edson alisema, akifuta machozi ya moshi. "Ila nikishamkumba mama nikatoka mzima, nitaishi na nani? Ukweni nitaingilia mlango upi?"

Watu wakasema kweli. Bernadina mwenyewe hakuona tatizo lolote.

Agapiti aliyaingiza yote kwenye kompyuta bila kupunguza. Sekunde ya tisini ilipofika, bado walikuwa ndani bibi na kapu lake, pamoja na watu kumi na tisa waliomstahi.

Charles, meneja wa kampuni, alipiga simu. Alikuwa mtu mpole, hakupandisha sauti.

"Injinia, hao wa kijijini wana mambo yao. Abiria wetu ni watu wa migodini, wepesi. Huyo bibi mmoja tu ndiye anatuharibia. Mtoe."

Agapiti alijua si kweli. Migodini nako watu wana wakwe. Lakini alikuwa ameahidiwa ndege ya pili baada ya hiyo, na Charles humwita injinia mbele za watu, na kilikuwa kitufe kimoja tu. Akabonyeza. Sekunde themanini na tatu. Akaandika ripoti kwamba abiria wote wametoka, akatia sahihi.

Na kweli walitoka. Bibi alipokwisha kunywa maji yake wakafuata wale kumi na tisa, mmojammoja, masizi puani, wakajipanga nyuma yake kutoka koridoni hadi sebuleni. Edson wa kompyuta alitangulia, kichwa chini. Hakuna aliyempita bibi.

Nyumba ikazoea. Hosiana aliongeza unga kwenye sufuria, akalalamikia masizi ya ukutani tu. Jirani yao Vumilia alipokuja kuazima chekeche, aliwaamkia kwa Kisukuma, kwa mpangilio, "Mwadila, mwadila," mpaka akafika jikoni.

Aliyepata taabu ni Agapiti, maana naye ni mkwe. Bibi alikuwa ameketi katikati ya korido, na kumpita ilikuwa haiwezekani. Siku zote hizo akawa anatokea dirishani, na tai yake shingoni, na majirani wakimjulia hali hapohapo mguu mmoja ukiwa bado ndani. Angepata nafuu kama wale wa kwenye foleni wangemlaumu. Hawakumlaumu, kila alipopita walimshukuru kwa kuwatoa.

Alhamisi Hosiana alimwambia, "Baba Dorah, mama kaitwa hospitali ya macho Dar, Jumatatu. Edson atamsindikiza. Nimewakatia tiketi za hiyo ndege yenu mpya. Ni salama, si ndiyo?"

Agapiti aliitazama foleni.

"Imepita," alisema.

"Nimekuuliza kama ni salama."

"Imepita, Mama Dorah."

Ijumaa asubuhi alifungua kompyuta, akamrudisha bibi mstari wa saba. Koridoni bibi akainuka, akachukua kapu, akaaga, na wote wakaingia walikotokea. Agapiti akatoka kwa mlango wa mbele, akarudi ndani, akatoka tena, kwa raha tu. Kompyuta ikasema mia moja ishirini na saba. Akampigia Charles.

"Kwaya ya uzinduzi imeshafanya mazoezi, injinia," Charles alisema. "Abiria wameshapangiwa viti. Na sahihi iliyo kwenye ripoti ni ya nani?"

"Yangu."

"Basi."

Angeweza kupiga kwingine. Namba ya wakaguzi ilikuwa imebandikwa ukutani, mbele ya macho yake. Aliitazama mpaka chai ikapoa. Maji yakimwagika hayazoleki, alijiambia, na alijua vizuri kwamba haya yalikuwa bado kwenye ndoo. Aliona haya hata kwa hiyo methali. Akabonyeza kitufe kilekile.

Bibi akatoka chumbani na kapu lake.

"Nimerudi, baba," alisema. "Nikae palepale?"

"Palepale, mama."

Jumatatu kwaya iliimba na ndege ikaruka. Bernadina alikaa mstari wa saba, Edson wa nane, na hakuna kilichoungua. Alipiga simu kutoka Dar kusema viti ni laini, na kwamba kapu walimwekea juu, akalishusha mwenyewe akalipakata. Macho yalitibiwa yakapona. Tangu hapo ndege huruka kila Jumatatu, imejaa, na Agapiti anaandika ripoti ya ndege ya pili.

Kila ndege hiyo inaporuka na kupita juu ya Kalangalala, bibi wa koridoni husikia mlio wake. Huinuka, hutafuta kapu, hulipata, huanza kwenda mlangoni. Wale kumi na tisa humfuata hatua tatu nyuma. Agapiti husimama mwisho wa foleni, huinamisha kichwa, huhesabu moyoni. Akifika tisini, bibi huwa bado hajagusa komeo. Hapo huacha kuhesabu, na Hosiana hupita akifungua madirisha ili moshi utoke.