Nyamazeni, Mkate Unasema

Katika kile kiwanda kidogo cha mikate kulikuwa na sheria moja ambayo haikuandikwa ukutani, lakini ole wake aliyeivunja. Mikate ikitoka tanurini, watu wote kimya. Redio inazimwa. Mwenye umbea wake anaumeza. Hata mteja aliyekuja na haraka zake anaonyeshwa kidole mdomoni, asubiri.

Maana mkate uliookwa sawasawa, ukitolewa kwenye moto na kupangwa kichanjani, ganda lake hukaza kwa ule upepo wa mlangoni na kuanza kupasuka nyufa ndogondogo. Tik. Tik-tik. Unaanza mmoja, unadakia wa pili, mara kichanja kizima kinaongea. Mzee Unga, mwenye kiwanda, alikuwa akiinua mkono wake mpana na kusema, "Nyamazeni, mkate unasema." Kisha akishaisikia ile sauti, anajibu kwa heshima zote:

"Marahaba."

Watu walicheka mwanzoni, kisha wakazoea. Aliwahi kuulizwa na marehemu mkewe anamwitikia nani. Akasema, "Mtoto kaingia duniani sasa hivi, ananiamkia. Nisipomwitikia mimi, aitikiwe na nani?" Mkewe akatikisa kichwa na kurudi kwenye chungu chake. Hakuuliza tena.

Binti yake mkubwa alikulia chini ya meza ya kukandia. Akiwa na miaka sita alimshika baba yake aproni na kumwambia, "Mimi ni kibarua wako, nipe kazi." Basi jina likaganda. Alisoma, akaolewa, akafiwa na mume, akarudi kushika tanuri la baba yake, akafikisha miaka hamsini na mbili na miwani juu, na bado hakuna aliyemwita kitu kingine. Kibarua. Hata karani wa benki alimwita Mama Kibarua, na yeye akaitika bila kuona ajabu.

Mkate wao ulikuwa na vitu vinne tu. Unga, maji, chumvi, na chachu iliyokuwa ikiishi kwenye ndoo yenye mfuniko kando ya dirisha. Chachu ile ililishwa unga na maji kila siku, haina sikukuu, haina msiba. Donge likishakandwa liliachwa liumuke taratibu mpaka kesho yake, na hapo ndipo watu wengi wasiojua kazi walipoishiwa subira. Mzee Unga hakuwa na subira kwa jambo lingine lolote duniani. Alikuwa mtu wa kufoka, mtu wa kupiga meza. Lakini mbele ya donge la unga alikuwa mpole hata ukamwonea huruma.

Mkandaji wao wa siku zote aliitwa Chumvi, na jina hilo alilipata kwa jasho lake. Wakati wa ujana, alipokuwa na mawazo ya uchumba, alisahau chumvi kwenye donge zima la siku. Mikate ikatoka mizuri, imenona, haina ladha kama karatasi. Mzee Unga akaonja, akafunga duka. "Hauuzwi," alisema. Wakaula wenyewe siku nne, asubuhi mkate, mchana mkate, jioni mkate, mpaka Kibarua na mdogo wake wakalia machozi. Na Chumvi naye alikaa meza hiyohiyo akila kimya, kila tonge likimshuka kwa shida. Kibarua akikumbuka siku zile sasa, cha ajabu ni kwamba anazitamani. Mama alikuwa hai. Baba alikuwa anaona.

Ndiyo, macho yalikuwa yamekwenda. Yalianza kwa ukungu, yakaishia kwa giza. Halafu yakaja maradhi ya kifua yaliyomlaza miezi miwili, naye alipoinuka, pua haikunusa tena kitu chochote, si vitunguu, si moshi. Hebu fikiria, mwoka mikate asiyenusa. Hakulalamika. Kila asubuhi Kibarua alimshika mkono, wakavuka uani, akamkalisha kwenye kigoda chake kando ya kichanja, magoti yakikaribia kugusa vyuma. Mzee akaegemeza fimbo, akainamisha kichwa upande, akangoja. Mikate ikatoka, ikasema, akajibu. Siku yake ikawa imeanza.

Shida ililetwa na mdogo wake Kibarua, na haikuwa shida ya ubaya. Kijana yule, kijana wa miaka arobaini na tano, walimwita Meneja kwa sababu alikuwa na kalamu mbili mfukoni na hakuna hata moja aliyowahi kumwazima mtu. Yeye ndiye aliyezunguka kutafuta wateja, na aliyoyaona huko yalimnyima usingizi.

"Dada, tunakwisha," alimwambia siku moja, akitua mfuko mzito wa karatasi mezani. "Watu wanataka mkate mlaini, wa slesi, ukae wiki nzima usiote ukungu. Wetu siku ya tatu unaweza kumpigia mwizi."

"Siku ya tatu unauchoma na chai. Unanoga zaidi."

"Watu hawana muda wa kuchoma, dada! Duka kubwa linataka mikate mia tano kila siku. Mia tano! Sharti lao ukae laini siku saba. Na dawa yake ni hii hapa."

Kibarua akavaa miwani, akasoma ubavuni mwa mfuko. Loo! Yalikuwa majina marefu kama ya dawa ya kuogeshea mifugo. Kilikuwemo cha kulainisha, cha kuumusha haraka, cha kuzuia ukungu, cha kupausha unga, na kingine cha kumpa mkate harufu ya mkate.

"Harufu ya mkate," alisema polepole. "Kwani mkate wenyewe unanuka nini?"

Meneja hakucheka. Akataja majina ya wafanyakazi sita waliokuwa uani wakinywa chai, mmoja baada ya mwingine, na watoto wao. Hapo ndipo alipompata dada yake. Kibarua alikuwa na kichwa kigumu, lakini moyo wake ulikuwa laini kuliko huo mkate wa siku saba. Lakini kulikuwa na jambo lingine lililomzuia: alikuwa amemwahidi baba yake, siku ile alipokabidhiwa funguo, kwamba maadamu yeye mzee yu hai, mkate hautabadilika. Mzee hakumwapisha. Alimwambia tu, "Nimekuamini," na hilo lilikuwa zito kuliko kiapo.

Kwa mwezi mzima ndugu wawili wakavutana. Mwishowe Kibarua akatoa kauli ambayo baadaye aliionea haya mno.

"Tuuoke mara moja," alisema. "Baba akae kando ya kichanja kama kawaida yake. Akila asijue tofauti, nitasaini mkataba wa duka kubwa. Akijua, mfuko wako unarudi ulikotoka."

Unaona alivyojihesabia? Baba haoni. Baba hanusi. Ladha ya chumvi ni ileile. Moyoni alijua anamwonea mzee, ila alikuwa amechoka, na mtu aliyechoka hukubali mambo mengi. Chumvi alipopewa ule unga mweupe auchanganye, aliuangalia, akamwangalia Kibarua, akasema, "Sawa, mwanangu," shingo upande. Ile ndoo ya dirishani siku hiyo haikuguswa na mtu.

Donge likaumuka kwa saa moja na nusu. Saa moja na nusu! Kibarua alibaki ameduwaa, ameshika kiuno. Likajaa kwenye vyombo vya bati, likanyanyuka sawasawa, halina kilima wala bonde. Mikate ilipotoka ilikuwa mizuri, tusiseme uongo. Mirefu, ya dhahabu, imefanana kama sare za shule. Meneja alikuwa anang'aa. Wakaipanga kichanjani, mbele ya magoti ya mzee.

Mtu akazima redio. Hakuna aliyemwambia, mkono ulizoea. Chumvi akafuta viganja na kusimama wima. Wote kimya.

Mzee Unga akainamisha kichwa.

Bomba la maji lilikuwa linadondoka kule kwenye sinki, tone, tone. Nje mtu akapita na baiskeli inayolia mnyororo. Kibarua akasubiri ile tik ya kwanza, huku akijua kabisa haiji. Mkate ule ulikuwa na ngozi, haukuwa na ganda. Hauna cha kupasuka. Miaka yote ile, na hilo hakulikumbuka! Aliwaza macho, akawaza pua, akawaza ulimi. Masikio ya baba yake, yaliyokuwa yamebaki kuwa ndiyo kila kitu, ameyasahau kabisa.

Dakika zikapita. Mzee akageuza uso upande wa tanuri.

"Kibarua."

"Abee, baba."

"Mikate bado?"

Ilikuwa mbele yake. Angenyoosha mkono angeigusa. Meneja, maskini, akaona aokoe jahazi. Akakata kipande kinene, akakiweka mkononi mwa baba yake.

"Kula kwanza hiki, baba, upoze njaa."

Mzee akakibonyeza. Akakila taratibu, kwa adabu, kama anavyokula mgeni kwenye nyumba ya watu. Akameza. Akapangusa makombo magotini.

"Mzuri," alisema. "Mlaini sana. Mmenunua wapi?"

Meneja akaweka kisu chini.

"Aliyeuoka mwambieni kazi njema, msimkatishe tamaa," mzee akaendelea, bila kejeli hata chembe, na hilo ndilo lililomchoma Kibarua. "Na wetu unatoka saa ngapi?"

Kibarua akapiga magoti sakafuni, penye unga wote ule. Akamshika baba yake mikono yote miwili.

"Kesho, baba," alisema. "Leo nimekosea kazi. Wetu unatoka kesho."

Mzee akafikiri kidogo. Wote walingoja afoke, maana alikuwa na haki ya kufoka, na meza ilikuwa karibu. Badala yake akampapasa kichwani, kama enzi zile za chini ya meza.

"Hata Chumvi aliwahi kukosea," alisema. "Nirudishe ndani basi. Kesho nitakuja mapema."

Asubuhi ile hawakuuza. Ile mikate waliila wenyewe siku nne, na kwa kweli hata siku ya nne ilikuwa laini vilevile. Siku ileile ya kosa Kibarua aliifunua ndoo ya dirishani, akakuta chachu imelala, imetengana maji juu. Akailisha. Akaisubiri. Jioni ikatoa povu la kwanza, naye akakaa hapo kwenye kigoda cha baba yake akalia kwa furaha, mtu mzima na miwani yake.

Kesho yake mikate iliposema, mzee aliitikia "Marahaba" kwa sauti iliyotikisa makopo. Mfuko ule ukarudi ulikotoka. Duka kubwa likapata mwoka mwingine. Isije ikadhaniwa kila kitu kilinyooka: wafanyakazi wawili walihamia kwingine, na Meneja alimnunia dada yake miezi mitatu, akimwamkia kupitia kwa Chumvi. "Mwambie dada unga umekwisha." "Mwambie mdogo wangu nina masikio." Hatimaye alikuja na karatasi za kufungia mikate alizozichapisha mwenyewe, zimeandikwa: unga, maji, chumvi, chachu. Chini yake: unakaa siku mbili. Siku ya tatu, uchome. Kibarua alizisoma mara mbili, akamkumbatia, na wote wakajifanya ni vumbi la unga lililoingia machoni. Karatasi zile ziliwapatia wateja wapya. Hawakuwa mia tano, lakini walitosha.

Mzee Unga aliishi miaka mitatu zaidi. Aliondoka polepole, bila kelele, yeye aliyekuwa na kelele maisha yake yote.

Baada ya mazishi, chachu ililishwa. Haina msiba, ndivyo alivyotaka mwenyewe. Siku ya tatu wakawasha tanuri. Mikate ikatoka, ikapangwa kichanjani, mbele ya kigoda kilichokuwa na fimbo tu imeegemea. Mtu akazima redio. Wote kimya.

Tik.

Tik-tik.

Kichanja kizima kikaanza kuamkia. Kibarua alitaka kujibu, alijua ni zamu yake, ndiye mkubwa, ndiye aliyekabidhiwa funguo. Akaishika ile fimbo ya baba yake, akaiinamia. Mikate ikaendelea kusema, ikasema, ikaanza kupungua, na bado hakuna aliyeiitikia.

Ndipo Meneja, kalamu zake mbili mfukoni, akasogea kwenye kichanja, akainamisha kichwa upande.

"Marahaba," alisema.