Jembe la Mama Hadjara

Éliakim, agronome, yaani bwana shamba wa kampuni ya mawese, alifika Mavivi kuandika kwamba michikichi ya Mama Hadjara imekuwa ya manjano kwa sababu ya uvivu wake, na kwamba shamba apewe mwingine. Majirani wote tulijaa pale. Nani angekosa?

Hadjara hakubishana. Alimpa jembe lake. "Papa agronome, lima hapa, fasi tracteur yenu inapitaka kubeba mikungu."

Kwetu mtu akipewa jembe mbele za watu hakatai. Éliakim alipiga mara tatu. Jembe liliruka kama limegonga simenti, mpini ukavunjika.

Hadjara akampa jembe langu. "Sasa hapa kando, fasi magurudumu hayajafika." Likazama lote.

"Mizizi itapita wapi? Maji itaingia wapi? Munakanyaga udongo yangu muaka muzima, kisha miye ndiye muvivu?"

"Lakini mama, nimeshaandika," Éliakim akasema.

"Basi futa."

Akafuta, akaandika kwamba kosa ni la trakta, sisi tukichungulia kila herufi. Kisha akakaa kuchonga mpini mpya, maana anayevunja jembe la mtu haondoki kabla ya kulitengeneza.

"Mupini umepona leo," Hadjara akamwambia. "Udongo utamaliza miaka kabla ya kupona."