Mkungu Ulionyimwa Maji

Sanduku lilisimama nyuma ya mlango wa chumbani, limefungwa zipu mpaka mwisho, na kila Fundi Pima alipopita alilitupia jicho kama mtu anayepita karibu na mbwa asiyemjua.

Mke wake alikuwa amerudi, hilo halina ubishi. Baada ya miaka chungu nzima ya kuuguza wazee wa watu katika nchi ya baridi, amestaafu, amepanda ndege, huyo kwa mumewe. Lakini amerudi, au amekuja kutembea tu? Hapo ndipo presha ya Fundi ilipopanda na kushuka. Maana mwanamke alikuwa akitoa nguo sandukuni, anavaa, anafua, anapiga pasi, kisha anazirudisha mle mle na kuvuta zipu. Sasa niambieni, mtu aliyefika kwake hufanya hivyo?

Wewe na mimi tungeuliza, yakaisha. Fundi hakuwa wa hivyo. Hilo jina la Pima wateja walimpa kwa sababu hakati kitambaa mpaka akipime, akipime tena, na bado akunje uso. Kitambaa kikishakatwa kimekatwa. Na swali nalo akaliona hivyo hivyo: ukimuuliza mtu kama anaondoka, naye akajibu ndiyo, utalishona na nini? Basi akafyata mkia, akakaa barazani na cherehani yake, roho mkononi. Wiki hiyo mwenye duka la jirani alipewa suruali yenye mguu mmoja mfupi.

Dada yake, ambaye mdomo wake hauna breki, ndiye aliyezidi kutia chumvi kwenye kidonda. Alikuja kumsalimu wifi yake, akaliona sanduku, na alipotoka akamnong'oneza kaka yake kwamba huyo mguu mmoja uko hapa na mwingine uko uwanja wa ndege.

Usingizi ukamruka. Katika kuwaza na kuwazua, Fundi akakumbuka majani. Miaka yote ile mkewe alipopiga simu hakuzungumzia kazi wala afya yake. Alizungumzia miti: jinsi msimu ukifika inavyogeuka manjano, kisha nyekundu, barabara nzima inawaka. Fundi alikuwa akisikiliza huku anashona, simu kaibana kwa bega. Sasa akajiambia: hilo ndilo analolikosa mke wangu. Huku kwetu majani ni kijani mwaka mzima, kijani mpaka yanachosha. Basi, msimu ule atauleta uani kwake, liwalo na liwe.

Akaenda kwa muuza miche kando ya barabara, mama mmoja asiyecheka ovyo, akamweleza anataka majani yanayogeuka rangi kama ya nchi za baridi. Mama akamuuzia vichaka vya majani ya manjano yenye madoa mekundu, kisha akauliza kama ana mti. Fundi akasema anao mkungu.

"Basi una bahati," mama akasema. "Mkungu hauhitaji baridi, huo hugeuzwa na kiu tu. Uunyime maji kidogo, utakuwa mwekundu wenyewe. Lakini nimesema kidogo, Fundi. Usije ukauua mti."

Na mkungu wenyewe ndio ule walioupanda pamoja, yeye na mkewe, kabla mke hajasafiri, chini ya dirisha la chumba chao. Miaka yote Fundi aliumwagia maji ya kuoshea vyombo na ya kufulia. Sasa akawa anayamwaga mtaroni. Mkewe akamuuliza kulikoni, naye akadanganya kwamba sabuni inaua mizizi. Mke akamtazama kidogo, akaenda zake.

Jua likawaka, mvua ng'o. Majani yakaanza kugeuka kweli, lakini mengine yalijikunja na kukauka ncha, na machanga yakadondoka kabla hayajapata rangi. Fundi akaingiwa na hofu juu ya hofu. Akawa anakwangua gome kwa ukucha kuona kama mti bado ni mbichi ndani. Chakula kikawa hakipiti. Na ukifa je? Atampa mkewe nini, kuni?

Asubuhi moja mti ulikuwa mwekundu wote, na chini yake majani yametapakaa mpaka kwenye vile vichaka vya manjano. Kwa kweli ulipendeza. Fundi akamwita mkewe aje aone.

Mke akatoka na kikombe cha chai. Akasimama. Fundi akangoja tabasamu kama mwanafunzi anayengoja matokeo, na tabasamu halikuja.

"Umeufanya nini mti wetu?"

Fundi akababaika. Akaeleza habari ya simu, ya majani, ya msimu wake.

"Yale majani nilikuwa nayachukia," mke akasema. Yakigeuka, akaeleza, alijua mwaka mwingine umekatika hajarudi nyumbani, na giza la baridi linakuja, na chumba hakina mtu. Hakutaka kumlilia mumewe kwenye simu. Kwa hiyo alimsimulia rangi.

Akaweka kikombe chini, akaingia ndani. Na Fundi akasikia zipu.

Akaingia mbio, na lile swali alilolipima wiki zote hizo likamtoka bila kupimwa.

"Unaondoka?"

Mkewe alikuwa amesimama mbele ya kabati, milango yote wazi, koti zito la baridi mkononi. Mle ndani hata kidole hakipiti: magauni ambayo maharusi hawakuyafuata, sare za shule, suti ya bwana mmoja aliyenenepa akaona haya kuja kuijaribu. Upande wa mke nguo za wateja zilikuwa zimehamia kidogo kidogo, mwaka kwa mwaka, mpaka zikaujaza, na Fundi hakuwahi kuliona hilo.

"Niondoke niende wapi?" mke akasema. "Tangu nimekuja nangoja unionyeshe pa kutundika nguo zangu. Nikasema labda nimeshakuwa mgeni humu."

Kikulacho ki nguoni mwako, na huyu fundi wa nguo alikwenda kukitafuta kwenye miti. Alitaka kucheka, machozi yakawahi. Akakumbatia magauni, akayatoa, akarudi, akabeba suti na sare. Mke akatundika zake, kisha akazikunja zile za wateja na kuzishindilia ndani ya sanduku, akavuta zipu, akasema wenyewe wakija watazikuta humo.

Kisha akainua ndoo ya maji ya kufulia, akatoka nayo uani na kuimimina yote kwenye shina la mkungu.

"Sabuni haiui mizizi, Fundi," akasema. "Huo uongo nao ungeupima kwanza."

Fundi akaichukua ndoo, akaenda kuijaza tena.