Nzi Waliomkubalia Tegan

Habari ilikuwa imemkaa Tegan kooni tangu asubuhi, na ilikuwa inawasha. Kikosi cha wakata manyoya ya kondoo kule mji wa Bourke kimempa kazi! Yeye! Gari lao lingempitia getini kesho alfajiri, na pale kwenye shamba lao la jumuiya hakuna aliyejua, hata shangazi Lorna aliyemlea.

Kumwambia alishajaribu. Wakati wa kukamua alifungua mdomo, mbuzi akaipiga ndoo teke. Kwenye chai akafungua tena, Lorna akaanza kuugulia kifundo cha mkono. Basi akameza. Atasema mkutanoni, mbele ya wote, ambako Lorna ataona aibu kulia.

Mkutano wa Jumapili hukaa duara, chini ya bati, baada ya supu ya boga. Makofi hakuna. Unakubali? Inua mikono miwili, chezesha vidole. Mkono mmoja maana yake sijapenda ila sizuii. Ukikunja mikono kifuani umezuia, na jambo linakufa hapo hapo hata kama wengine wote wanalitaka. Tegan alizaliwa humo. Alichezesha vidole kabla hajajua kutembea.

"Haya jamani," akasema Garth, mwenye kengele ya kuongoza mkutano siku hiyo. "Mkono wa Lorna umegoma. Nani anachukua kazi ya mbuzi, mwaka mzima?"

Kila mtu akaviona viatu vyake vizuri sana.

Tegan alikuwa anapanga maneno. Nzi akatua puani pake. Nzi wa huko hawana adabu, na yeye alikuwa ananuka maziwa. Mwingine jichoni. Mwingine, jamani, mdomoni! Akarusha mikono yote miwili juu, vidole vikacheza kama kapagawa.

Kengele ikalia. "Tegan! Ubarikiwe, binti!"

Duara zima likachezesha vidole. Lorna akajifuta macho kwa bandeji yake. "Nilijua," akasema. "Nilijua tu huyu hataniacha."

"Ni nzi!" akasema Tegan.

"Nzi mwenye busara huyo," akasema Garth, watu wakaangua kicheko. "Kuna anayezuia? Napiga kengele ya pili, tufunge."

Tegan akamtazama Lorna. Uso ule ulivyong'aa! Akaona bora ameze nzi, habari na kila kitu. Lakini mikono yake ikajikunja yenyewe kifuani.

"Yaani unajizuia mwenyewe?" akauliza Garth.

"Nimepata kazi Bourke," ikamtoka yote kwa pumzi moja. "Kukata manyoya, kesho alfajiri wananipitia, naombeni ruhusa."

"Kondoo?" akasema Lorna, kama vile Tegan ametaja wezi. "Unaniachia mbuzi wangu ukawafuate kondoo?"

"Shangazi, nimejaribu kukuambia tangu..."

"Wewe? Wewe usiyejua kunyamaza hata umelala?"

Hakuna aliyecheka. Mikono ikaanza kuinuka, miwili miwili, polepole, halafu macho yote yakamgeukia Lorna. Akainua wa kulia. Vidole vikacheza kidogo. Wa kushoto, wenye bandeji, ukabaki pajani. Tegan akaungoja. Haukuja.

"Lorna," akasema Garth, "huo ni mmoja, au ni bandeji?"

"Piga kengele, Garth."

Akapiga.

"Na wewe usinitazame mkono," Lorna akamwambia Tegan. "Hujaondoka bado. Kakamue."

Tegan akaokota ndoo akaenda karibu mbio, nzi wote nyuma yake, na bado hajui kama kura ya Lorna ilikuwa ya mkono mmoja au miwili.