Kahawa Aliyoiacha Bwana Zef

Bwana Zef aliketi, akaletewa kahawa, asiiguse. Drande, aliyeileta kwa mkono wake, akajua pana jambo. Huko milimani kwao mgeni akiiacha kahawa ipoe mbele yake, basi amekuja na ombi zito, wala hainywi mpaka mwenye nyumba amkubalie. Ndivyo wanavyoposa mabinti, na ndivyo wanavyomaliza visasi. Na mgeni kuondoka kikombe kimejaa, jamani, hiyo ni aibu ya kusimuliwa mpaka kwa wajukuu.

Lakini nyumba hii haikuwa na binti wa kuposwa.

"Mzee Prenk," Zef akaanza, akimwelekea baba mkwe wa Drande, "nimefuata kile kiti cha baraza la wilaya. Mke wa mwanao chama chetu kilimweka kugombea kwa sababu sheria inataka wanawake. Kashinda, katufaa, tunashukuru. Sasa ajiuzulu, mpwa wangu anayemfuatia kwa kura aingie."

Katufaa! Kama ufagio. Drande alipanda vilima mlango kwa mlango, wanawake wakimsimulia walivyojifungulia njiani kwa kukosa mkunga karibu. Aliwaahidi kumpigania mkunga huyo barazani. Leo kiti kinaombwa kama mbuzi wa mbegu, naye yupo palepale na sinia mkononi, Zef hata jicho hamtupii.

Mama mkwe wake, Dila, akamnong'oneza, "Ningejua, ningemtilia chumvi."

Drande hakucheka. Alimjua mzee, mtu wa mila toka utosini hadi unyayoni, hajawahi kumnyima mgeni. Tena kampeni nzima hakumwambia neno, si la heri si la shari. Akaanza kukiaga kiti kimoyomoyo.

Mzee Prenk alisokota tumbaku yake bila haraka. "Umekosea mlango, Zef."

"Nimekoseaje?"

"Unaniomba mali isiyo yangu. Mwenye kiti yule pale, umemsimamisha. Drande, mwanangu, weka sinia uketi. Mgeni ana haja nawe."

Zef akageuka, uso umemwiva. Ikambidi aombe upya, amwombe mwanamke, kwa jina lake.

"Uniwie radhi, Bwana Zef," Drande akajibu. "Ungeomba changu ningekupa. Hiki ni cha walionipigia kura, sina ruhusa ya kukigawa."

Zef akavaa kofia, akaondoka. Kahawa ilibaki vilevile.

"Nisamehe, baba," Drande akasema. "Kijiji kizima kitatusema."

"Waseme, midomo ni yao." Mzee akakohoa. "Kwani mimi nilimpigia nani kura? Huyo mpwa wake asiyejua hata kumfunga punda?"

Siku zote hizo Drande aliamini kura ya mzee ilikwenda kwa mpwa wa Zef, na kila jioni alimwandalia chakula na kinyongo hicho kimemkaa rohoni.

"Mbona hukuniambia?"

"Si wewe uliyepita ukifundisha watu kwamba kura ni siri?"

Dila akaangua kicheko. Drande akauinamia ule mkono mkavu wa mzee, akaubusu, machozi yakimtoka. "Asante, baba," alisema, na kwa kuwa hakuwa na neno kubwa kuliko hilo, akalirudia.