Mstari Mwekundu wa Soko Kuukuu

Shamila aliutazama mstari ule mara tatu kabla hajakubali kwamba unapita hapo ulipopita. Mara ya kwanza alidhani ni uchovu wa macho. Mara ya pili aliinamia karatasi na kuufuata kwa ncha ya kalamu: ulianzia Bwawa la Juu, ukateremka na korongo, ukagusa uwanja wa shule ya msingi, kisha ukajikunja na kuizunguka mitaa yote minne ya Soko Kuukuu. Ndani ya mkunjo huo ulikuwamo msikiti, mashine ya kusaga, na nyumba ya baba yake, Mzee Abdulswamadu, iliyojengwa na wazee waliofika Isangala na misafara ya biashara wakaamua kubaki. Mara ya tatu alisoma maneno madogo yaliyoandikwa pembeni ya mstari. Yalisema: eneo la kuhamishwa.

Akaifunika ramani kwa kiganja, kama mtu anayeficha barua.

Walikuwa watu watatu katika ukumbi mdogo wa hosteli moja ya Miyuji, mjini Dodoma. Halmashauri ya Isangala iliwatuma huko kwa siku nne, mbali na ofisi na wenye shida zao, wamchague mtaalamu mshauri wa kuandika upya Mpango Kabambe wa mji. Mpango uliokuwapo ulichorwa wakati Isangala ina barabara moja na mnada wa ng'ombe mara mbili kwa mwezi. Sasa mji ulikuwa umefura hadi kwenye mashamba ya uwele, na kila mtu alikuwa akijenga alipotaka. Mwenyekiti wa kamati alikuwa Injinia Octavian, mtu mpole aliyebakiza miaka miwili kustaafu. Mjumbe wa pili alikuwa Henry, mchumi wa halmashauri. Shamila, afisa mipango miji, alikuwa wa tatu, na ndiye pekee aliyezaliwa Isangala. Asubuhi ile walikuwa wamekabidhi simu zao mapokezi hadi jioni na kusaini tamko kwamba hakuna kati yao mwenye maslahi yoyote katika zabuni ile. Shamila alisaini bila wasiwasi. Hakuwa anamjua mzabuni hata mmoja.

Kampuni zilizobaki mezani zilikuwa mbili. Ya kwanza iliongozwa na Dokta Tumsifu, na watu wake walikuwa wamefika Isangala kwa nauli zao kabla hata ya kuandika andiko lao. Walipanda hadi Bwawa la Juu, tuta la udongo lililojengwa enzi za mkoloni kwa ajili ya kunyweshea mifugo, wakakuta chini yake, upande wa mashariki, maji yanavuja na kutoa udongo pamoja nayo. Walipiga hesabu, na kutokana nayo wakachora ule mstari mwekundu. Tuta likikatika bwawa likiwa limejaa, maji yangefika Soko Kuukuu kabla ya dakika ishirini. Shamila akamfikiria baba yake na goti lake. Dakika ishirini zisingemtosha kuvaa, kutafuta fimbo na kufika barabara ya lami.

Andiko la kampuni ya pili lilipendeza kama kalenda ya benki. Lilikuwa na uwanja wa michezo, stendi mpya na barabara za njia nne. Bwawa la Juu walilichora kuwa bustani ya mapumziko yenye miavuli, na chini ya tuta, mahali ambapo maji yangepita, walipanga viwanja mia tatu vya makazi. Soko Kuukuu hawakuligusa kabisa.

"Hawa ndio wanaojua mji wa kisasa," Henry alisema, akilisukuma andiko hilo katikati ya meza. "Wale wengine wanatutisha tu."

Mchana Shamila alitoka kwenda kula, lakini chakula hakikupita. Alikuwa ameketi peke yake kwenye meza ya uani pale mwanamume mmoja aliyevaa shati jeupe lililonyooshwa vizuri alipovuta kiti na kuketi mbele yake. Alimfahamu kwa sura. Aliitwa Damas, dalali mkubwa wa viwanja, ambaye kwa mwaka mzima alikuwa akinunua mashamba yaliyo chini ya bwawa.

"Habari za kazi, dada Shamila."

"Nzuri. Hapa hatupokei wageni, kaka Damas."

"Mimi nimekuja kula kama wewe." Akageuza glasi yake ya maji taratibu. "Mzee hajambo. Nimepita dukani kwake asubuhi, tumezungumza sana. Anakaa peke yake siku hizi, na ule mlango wa nyuma haufungi vizuri. Nimemwambia aurekebishe."

Mlango wa nyuma ulikuwa umevunjika komeo tangu Idi, na hakuna aliyejua ila watu wa nyumbani.

"Unataka nini?"

"Sitaki kitu. Nasikia kuna watu wanataka kumvunjia mzee nyumba, basi nikasema bora mtoto wake ajue. Henry keshaona ukweli. Ukiuona na wewe, mambo yameisha." Akasimama, akarudisha kiti mahali pake kwa adabu. "Ukiona vigumu, sema unaumwa ukapumzike. Yupo wa kushika nafasi yako, jina lake tayari liko mezani. Ila ukibaki halafu ukakosea, watu watauliza ilikuwaje binti wa Soko Kuukuu akasaini kwamba hana maslahi."

Akaenda zake. Shamila alibaki ameshika ukingo wa meza.

Alasiri yote alikaa ukumbini akigeuza kurasa bila kusoma. Kila njia aliyoitazama ilikuwa na mtu amesimama mwisho wake. Akiipa alama nyingi kampuni ya Dokta Tumsifu, anamtoa baba yake katika nyumba aliyozaliwa na kuoa na kumzikia mke. Akiipa ile nyingine, baba anabaki nyumbani, Damas anafurahi, na Shamila ataishi akisikiliza mvua. Akijitoa, mtu asiyemjua anakalia kiti chake na viwanja mia tatu vinapimwa chini ya tuta linalovuja. Na akibaki kimya, ile saini ya asubuhi inageuka kuwa uongo wenye jina lake.

Kilichomtisha zaidi ni kwamba kuna sehemu yake iliyotaka kumtii Damas. Haikuwa sehemu ndogo. Ingetosha alama tano tu apunguze hapa na pale, na jioni angempigia baba simu na kumuuliza amekula nini.

Siku ya pili aliwahi kufika kuliko wenzake na kuandika barua ya nusu ukurasa. Injinia Octavian alipoingia akampa.

"Shikamoo Injinia. Naomba uisome kabla hatujaanza."

"Marahaba." Mzee yule alivaa miwani, akasoma, akarudia kusoma. Barua ilisema kwamba nyumba ya baba yake imo ndani ya mstari mwekundu. Kwamba kampuni ya kwanza ikishinda, baba atahamishwa. Kwamba jana mtu alimfuata na kumtajia baba yake. Na kwamba yuko tayari kuendelea au kuondoka, kamati iamue. Jina la mtu huyo alikuwa ameliandika lote.

Octavian akavua miwani.

"Mke wangu yuko Nkuhungu, hapahapa Dodoma," alisema kwa sauti ya chini. "Jana alipelekewa zawadi ya mbuzi. Aliyeleta alisema ni salamu kutoka kwa rafiki yangu wa Isangala. Mimi sina rafiki wa kunipa mbuzi."

Nje mhudumu alikuwa akifagia changarawe.

"Unaogopa?" Shamila akamuuliza.

"Sana. Nimekesha nikifikiria niandike kwamba ninaumwa." Akaikunja barua na kuiweka ndani ya jalada la kamati. "Lakini mimi ni mhandisi wa maji, Shamila. Tuta likitoa maji safi unaweza kungoja. Hili linatoa udongo. Udongo ukianza kutoka, hakuna wa kukuambia siku litakayokatika."

Henry alipofika, Octavian alimsomea barua yote, akiliruka jina tu. Henry alikasirika. Akasema mjumbe mwenye maslahi anatoka, hakuna mjadala. Octavian akamsikiliza hadi mwisho, kisha akamwambia kwamba maslahi yaliyotajwa yanamvuta mjumbe upande wa kampuni ya pili, hivyo kama alama zake zitaelekea huko zitafutwa. Kama Henry ana pingamizi, aliandike na kulisaini, naye ataliambatisha pamoja na maelezo ya zawadi zilizopokelewa na kila mjumbe tangu safari ianze. Henry alitazama jalada, akatazama dirisha. Hakuandika.

Shamila akajaza alama zake; tarakimu nyingine ilibidi aziandike upya na kuzisaini pembeni. Kampuni ya Dokta Tumsifu ilishinda kwa alama mbili.

Siku waliyorudi Isangala alimkuta baba dukani, ameketi katikati ya magunia ya karanga na alizeti.

"Shikamoo baba."

"Marahaba." Hakumkaribisha kiti. "Alikuja mtu hapa. Anasema kuna mpango wa kutuhamisha, na kwamba wewe ndiye uliyeusaini."

"Mambo ya kamati siruhusiwi kuyasema, baba."

Mzee akaanza kufunga mdomo wa gunia lililokuwa tayari limefungwa. Shamila alielewa kwamba hilo ndilo jibu la mzee. Kabla ya kuondoka alimwita fundi, akasimama mwenyewe mpaka komeo jipya la mlango wa nyuma likakazwa.

Wiki zilizofuata hazikuwa na jambo moja la kushitaki. Namba asizozijua zilipiga, akapokea, hakuna aliyesema. Tairi la pikipiki yake lilikutwa limechanwa. Mwanamke waliyesoma naye alivuka barabara alipomwona. Akaacha kupita njia ileile mara mbili, akaacha kukaa karibu na dirisha. Polisi waliandika maelezo yake na kumwambia akisikia kitu arudi.

Bodi ya zabuni iliridhia taarifa ya kamati, na mwezi wa kumi na moja Dokta Tumsifu akaja kuanza kazi. Alikuwa mwanamke mfupi wa viatu vya shambani, asiyependa hotuba. Kabla hajachora barabara hata moja alikwenda kwenye tuta, akarudi na kuandika taarifa ya dharura: maji ya bwawa yapunguzwe mara moja, na wakazi wa Soko Kuukuu wahamie kwa muda kwenye shule ya kilimani hadi mvua ziishe. Maji yalianza kupunguzwa kwa pampu mbovu. Watu walihama wakinung'unika. Mzee Abdulswamadu aligoma kwa siku tatu, hadi binti yake alipokuja, akakunja godoro lake, akalibeba kichwani mbele ya majirani wote.

Mvua kubwa ilinyesha Januari, mchana wa Jumatano. Ilinyesha saa tatu mfululizo. Watu walisimama kwenye varanda za madarasa wakitazama korongo likigeuka jekundu, likipanda, likibeba matawi na banda la kuku la mtu. Shamila alisimama nyuma yao ameshika nguzo. Kila ngurumo aliisikia kama tuta. Jirani mmoja alimsemesha, hakumsikia.

Tuta halikukatika. Mvua ilipoisha jua likatoka, na kufikia saa kumi na moja watu walikuwa wakicheka. Wengine walikwisha kufunga virago.

"Tumelala sakafuni mwezi mzima kwa ajili ya kivuli," mmoja alisema kwa sauti ili Shamila asikie. Hakuna aliyeweza kumwonyesha mtu maji ambayo hayakuja.

Baba naye alikuwa akikunja mkeka wake. Shamila akapiga magoti kando yake.

"Baba, usishuke. Mvua ndiyo kwanza zinaanza, na tuta limelowa zaidi ya jana. Subiri hadi mwezi wa nne."

"Wenzangu wote wanashuka."

"Nawaona. Usishuke wewe."

Mzee akaiona mikono yake. Akaushika mmoja, akausikia unavyotetemeka.

"Tangu lini unaogopa hivi?"

"Tangu Miyuji."

"Na ulijua nyumba yangu imo?"

"Nilijua."

Mzee Abdulswamadu hakusema kama amesamehe. Aliutandika tena mkeka, polepole kwa sababu ya goti, akaketi. Kisha akamwambia kwamba dawa zake za presha zimebaki nyumbani, kwenye kabati la jikoni, na kama yeye habanduki hapo basi mtu akazichukue.

Shamila akateremka peke yake. Soko Kuukuu moshi wa jikoni ulikuwa umeanza kupanda tena, na watoto walikuwa wakiruka madimbwi. Aliingia nyumbani kwa mlango wa nyuma. Ndani mlikuwa na giza na harufu ya udongo mbichi, na kupitia ukuta alisikia korongo likivuma, mfululizo, bila kupumua. Alipata dawa. Alisimama kidogo akisikiliza kama sauti inaongezeka, akashindwa kujua. Akafunga mlango na kuanza kupanda kilima kwa haraka, na alipofika shuleni hakukumbuka kama alikuwa ameitikia salamu ya mtu yeyote.