Uzi wa Kifuani

Mama Pindo alikuwa anakunja pindo la shati la samawati alipokohoa, na uzi ukamtoka mdomoni. Hakushtuka, alikuwa na pindo la kumaliza. Aliushika kwa vidole viwili akauvuta taratibu, kama mtu anayetoa unywele kwenye wali, nao ukazidi kuja, mweupe, mwembamba, umesokotwa vizuri, hauna hata fundo. Akaukata kwa mkasi mdogo uliokuwa ukining'inia shingoni mwake, akaendelea na kazi.

Jina la Mama Pindo alilipata palepale kiwandani, maana tangu aajiriwe hajawahi kushona kitu kingine. Kola haijui, mikono haijui. Mashati yanamfikia yakiwa tayari yana mabega na mifuko, yeye anayamalizia chini, yanakwenda zake. Ukumbi wenyewe madirisha yako juu karibu na bati, na vumbi la pamba linaelea humo kutwa nzima. Linatua kwenye nyusi za wanawake mpaka ikifika mchana wote wanaonekana vikongwe. Lile lisilotua kwenye nyusi linaingia kifuani. Mama Pindo alikuwa amelivuta miaka na miaka, na hakulalamika, kwa vile hakuna aliyemuuliza.

Mbele yake alikaa Bi Vifungo, wa mashine ya vifungo, mwanamke ambaye mdomo haumkai. Aligeuka akauona uzi.

"Shoga, wenzio wanatema mate, wewe unatema mtaji!"

"Hebu niache. Kifua kinaniwaka."

"Kinawaka na kinasokota? Basi hicho si kifua, hicho ni kiwanda."

Msimamizi alikuja kuangalia wanacheka nini. Aliuokota uzi sakafuni, akauvuta kwa mikono miwili, haukukatika.

"Usiutupe," alisema. "Chukua koni ya uzi uuzungushie."

Alikuwa na sababu yake. Vitambaa vyote vya kiwanda kile vilitoka ng'ambo kwa meli, majora kwa majora yaliyofungwa nailoni. Vilikatwa hapa, vikashonwa hapa, vikaondoka vikiwa mashati kwenda kwa wanunuzi, na huko yaliingia bila ushuru, kwa sababu walioyashona ni watu wa nchi maskini na wakubwa wa huko walikuwa wameamua kuwahurumia. Sasa huruma ilikuwa imepunguzwa. Wakubwa walitoa kanuni mpya: kitambaa kitoke popote, lakini kila shati lishonwe kwa uzi uliosokotwa humuhumu nchini, la sivyo lilipiwe ushuru. Na humu nchini hakukuwa na kinu cha uzi. Kilichokuwepo kilikufa zamani, kikang'olewa mpaka mabati. Wakubwa walilijua hilo vizuri walipokuwa wanaandika kanuni yao. Wenye kiwanda nao walikuwa wameshaanza kuwaambia watu watafute pa kwenda.

Kwa hiyo aliitwa mkaguzi, yule anayepima kama bidhaa ni ya hapa au si ya hapa. Alikuwa kijana mpole kutoka huko kwa wanunuzi, na Mama Pindo alilitambua shati alilovaa kijana huyo kwa pindo lake. Alivuta kiti, akawasha tochi.

"Fungua mdomo, mama."

Mama Pindo akafungua. Mkaguzi akachungulia mpaka kooni, kisha akamgeukia msimamizi.

"Vumbi lililomo humu ni la kitambaa cha wapi?"

"Cha ng'ambo, bwana."

"Limeingia likiwa vumbi?"

"Vumbi tupu."

"Na limetoka likiwa uzi?"

"Uzi, bwana. Nimeuvuta mwenyewe!"

"Basi limebadilika vya kutosha," alisema mkaguzi, akazima tochi. "Uzi huu ni wa hapa."

Akagonga muhuri. Ukumbi mzima ukapiga makofi, maana kiwanda kilikuwa kimepona. Mama Pindo naye alipiga, pale kikohozi kilipompa nafasi.

Kuanzia siku hiyo hakukunja tena mapindo. Alipewa kiti chenye mto, na kazi yake ikawa kukohoa. Koni zilijaa zikapelekwa kwenye vyerehani, na kila shati lililotoka mle lilikuwa limeshonwa kwa uzi wa kifuani mwake. Siku uzi ukilegea, walifagia vumbi la chini ya mashine, wakalijaza kwenye mfuko, wakampulizia usoni. Jioni, getini, mlinzi aliukata uzi pale pale mdomoni, kwa kuwa uzi ni mali ya kampuni na mate ndiyo yake.

Mwili ulianza kumwisha. Mumewe, fundi redio, alimwambia asubuhi moja akimfunga vifungo vya gauni, "Mke wangu, umekuwa mwepesi. Upepo ukivuma huko njiani, shika ukuta."

Siku hiyo Mama Pindo alimwendea msimamizi. "Naomba ruhusa niende hospitali. Hiki kifua kitaniua."

"Mama, wewe ukipona, sisi tunafunga," alijibu msimamizi. "Unataka wote hawa wakalale njaa kwa ajili ya kifua kimoja?"

Mama Pindo aliwatazama wenzake. Hakuna aliyeinua kichwa. Hata Bi Vifungo alikuwa amekiinamia kifungo, anakikodolea macho kana kwamba ndiyo kwanza anaona kifungo duniani. Mama Pindo akarudi kwenye mto wake.

Halafu mashati yakaanza kukohoa.

Mkaguzi alirudi na moja kwenye mfuko wa plastiki, akalilaza mezani. Lilitulia kidogo, kisha likakohoa, kikohozi kikavu cha kutoka mbali, kifua kikipanda na kushuka na vifungo vikigongana. Wanunuzi, alisema, wanaaibika mbele za watu. Shati linakohoa kwenye mikutano, linakohoa kabatini usiku, watoto hawalali.

"Huko wamesikitika sana," alisema. "Wanataka litibiwe haraka."

Mama Pindo alikuwa ameshanyanyuka kitini, maana alidhani anayezungumziwa ni yeye. Akakaa.

Mapipa ya dawa ya kifua yakaletwa kwa meli. Mashati yalichovywa, yakaanikwa, yakapigwa pasi, nayo yakapona siku hiyohiyo. Ukumbi ulinukia asali na limau. Mama Pindo alikwenda kwenye kidirisha cha stoo.

"Baba, nipe kijiko kimoja tu."

"Siwezi, mama," alisema mtunza stoo.

"Basi nipe hicho kifuniko nirambe."

"Dawa hii imeingia bila ushuru kwa ajili ya mashati. Tone likienda kwa mtu, hayo ni magendo. Nitafungwa mimi."

"Na mimi je?"

"Wewe si shati, mama yangu." Alisema kwa huruma kabisa, kisha akafunga kidirisha.

Hapo ndipo hasira ilipompanda. Hakupiga kelele, pumzi ya kupigia kelele angeitoa wapi? Alikwenda kwenye sanduku la lebo, akachukua moja iliyoandikwa kwamba nguo imetengenezwa hapa, akaishonea nyuma ya kola ya gauni lake kwa uzi uliokuwa ukimtoka mdomoni, bila hata kuukata. Kisha akasimama kwenye foleni ya mashati, nyuma ya yale ya samawati.

"Shoga, wapi tena?" aliuliza Bi Vifungo.

"Nakwenda kutibiwa."

Bi Vifungo alimtazama. Safari hii hakutania. Alisimama, akachomoa sindano, na pale kifuani mwa gauni palipokuwa pamepungua kifungo akamshonea kingine. "Wasije wakakurudisha kwa kasoro," alisema.

Mkaguzi alikuwa kwenye mapipa, anapitisha shati moja moja. Zamu ya Mama Pindo ilipofika alimgeuza, akasoma lebo, akaupima uzi kwa ukucha.

"Uzi ni wa hapa," alisema.

"Wa hapa," alijibu Mama Pindo.

"Na pindo limenyooka."

"Nimelikunja mwenyewe."

Mkaguzi akaendelea kukagua, bila haraka wala chuki. Aliugeuza mkono wake akaona sugu za vidole. Aliinama akatazama miguu iliyovimba kwa kukaa. Alimfunua ukope, akasikiliza mgongo. Mwisho akamshusha mkono polepole, kama mtu anayerudisha kitu cha watu.

"Samahani, mama," alisema. "Kanuni ni kwa bidhaa mpya. Wewe umeshatumika."

Msimamizi akaibandua ile lebo, kwa kuwa lebo ni za kampuni. Mashati yaliyokuwa nyuma ya Mama Pindo yakasogea mbele, yakachovywa. Yeye akarudi kwenye kiti chenye mto, akafungua mdomo, akaletewa koni mpya.

Jioni kontena likafungwa. Ndani yake kulikuwa kimya kabisa, hakuna shati lililokohoa. Aliyekuwa anasikika ni Mama Pindo, na alisikika mpaka barabarani.